Kufuli la Theluthi Moja: Kasulu, Kibondo na Hesabu ya Upinzani

Mwaka 2010 Mkoa wa Kigoma ulikuwa na majimbo manane ya uchaguzi, na matano kati yake yalitwaliwa na wapinzani. Zitto Kabwe wa CHADEMA alirudi bungeni kutoka Kigoma Kaskazini. Manne mengine yalikwenda NCCR-Mageuzi: David Kafulila katika Kigoma Kusini, Moses Machali katika Kasulu Mjini, Agripina Buyogera katika Kasulu Vijijini, na Felix Mkosamali katika Muhambwe, ambalo ndilo jimbo la Kibondo. Chama hicho hakikushinda jimbo jingine lolote nchini. Bunge la Kumi lilipokutana Dodoma, wabunge wote wa majimbo wa NCCR-Mageuzi walikuwa wa Kigoma, na watatu kati ya wanne walitoka nyanda za juu, kwa wakulima wa maharage, mihogo na kahawa.

Mwaka 2015 majimbo matano yakawa mawili: Kigoma Mjini kwa Zitto, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, na Buyungu kwa Kasuku Bilago wa CHADEMA. Mwaka 2020 halikubaki hata moja.

Maelezo ya anguko hili ni mengi, na mengi yana ukweli ndani yake. Wapo wanaotaja fedha, wapo wanaotaja vitisho, wapo wanaotaja mawakala waliotolewa vituoni na wagombea walioenguliwa kwa makosa ya herufi. Sitabishana nao. Swali langu ni jingine, na naliuliza kwa sababu Oktoba 2025 ilitupeleka tena kwenye sanduku la kura: viti vile vya Kasulu na Kibondo vilikuwa vya kazi gani? Upinzani ulipovipata, ulijua vinafungua nini na vinafunga nini?

Kwa sehemu, viti hivyo vilifanya kazi ambayo historia itaikumbuka. Aprili 2012 Zitto alikusanya saini za wabunge zaidi ya 70 ili kupeleka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Hoja haikufika kwenye kura, lakini mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete alibadilisha Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri kadhaa. Mwaka 2014 Kafulila alisimama peke yake kwa miezi akidai majibu juu ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, akitukanwa humo humo bungeni. Novemba ya mwaka huo Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Zitto, ilileta taarifa yake, na kabla Januari haijaisha Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa wamekwisha kuachia ofisi. Wabunge wawili wa mkoa mmoja, ambao watu wa Dar es Salaam huukumbuka kwa dagaa na mawese tu, waliitikisa serikali nzima.

Hata hivyo, kusema si kuzuia. Mbunge mmoja hodari anaweza kuiaibisha serikali, lakini hawezi kuifunga mikono. Kufuli la kuifunga mikono serikali lipo ndani ya Katiba yetu, na idadi inayolishika si kubwa kama wengi wanavyodhani. Ibara ya 98 inasema Katiba haibadilishwi bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Maana yake ni kwamba theluthi moja na kichwa kimoja zaidi wanatosha kulinda kila mstari wake. Ndiyo idadi ambayo upinzani ungepaswa kuilala na kuiamkia. Badala yake, tangu 1995 kila msimu wa uchaguzi viongozi wake huelekeza macho, magari na fedha Ikulu, na majimbo huachwa yajitafutie.

Tazameni mwaka 2015, mwaka ambao upinzani ulikuwa na nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Pamoja na viti maalumu, CHADEMA ilipata wabunge 70, CUF 42, NCCR-Mageuzi mmoja na ACT-Wazalendo mmoja. Jumla ni 114, katika Bunge ambalo hatimaye lilikaribia wabunge 400. Viti vilivyokosekana kufikia theluthi havikufika 20. Nchi nzima ilizungumza juu ya Edward Lowassa na John Magufuli, na hadi leo ukiuliza upinzani ulikosa nini mwaka ule utajibiwa kwamba ulikosa urais. Mimi nasema ulikosa viti pungufu ya 20, na vitatu kati ya hivyo ulikuwa navyo Kigoma siku moja kabla ya kura.

Kutokana na machungu haya, siku hizi nasikia hoja mpya miongoni mwa wasomi na hata baadhi ya wanachama wa vyama: kwamba dawa ni kuwa na baraza la juu, Seneti kama ya Kenya, ambamo kila mkoa utakuwa na sauti sawa. Hoja hiyo inavutia hasa kwa sisi wa mikoa ya pembezoni. Katika Seneti ya Kenya kaunti ya Lamu ina seneta mmoja wa kuchaguliwa kama Nairobi ilivyo na mmoja. Nani Kasulu asingependa Kigoma ihesabiwe sawa na Dar es Salaam?

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliitisha Mkutano wa Machifu wa Tanganyika, na miongoni mwao walikuwapo waliotumaini kwamba mkutano huo ungekua na kuwa baraza la juu la nchi huru. Enzi hizo Heru, yaani Kasulu ya leo, ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na majina ya Muhambwe na Buyungu yalikuwa ya himaya za Buha kabla ya kuwa ya majimbo ya uchaguzi. Uhuru ulikuja na bunge la baraza moja, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria. Sisikitiki kwamba hatukurithi baraza la machifu. Nakumbusha tu kwamba swali la nani anakaa juu ya Bunge na kulizuia lilikwisha kuulizwa hapa nchini, likajibiwa kwa haraka.

Tatizo la hoja ya Seneti ni kwamba inadhani chombo huleta nguvu. Kenya yenyewe inatufundisha vinginevyo. Katiba ya uhuru ya 1963 iliipa Kenya Seneti ya viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja cha Nairobi, na ikaweka vifungu vya majimbo chini ya ulinzi mkali mno: baadhi yake havikuweza kuguswa bila kura za asilimia 90 ya maseneta. KADU ya Ronald Ngala ilishindwa uchaguzi lakini ilikuwa na maseneta wa kutosha kabisa kuzuia. Kufuli lilikuwa mkononi mwake. Kilichofuata kinajulikana. Wabunge na maseneta wakaanza kuvuka mmoja mmoja kwenda KANU, na Novemba 1964 chama chenyewe kikajivunja. Mwishoni mwa 1966 Seneti ikafutwa, na maseneta 41 wakaongezwa kwa wabunge 117 kufanya baraza moja la watu 158. Watu walewale waliokabidhiwa ufunguo waliubadilisha kwa viti vizuri zaidi.

Upande wa pili upo mfano wa Polandi, ambao natamani kila katibu mkuu wa chama cha upinzani hapa nchini angeusoma. Seneti ya nchi hiyo ina viti 100, na kila kiti ni jimbo moja lenye mshindi mmoja, kama majimbo yetu. Katika uchaguzi wa Oktoba 2019 vyama vikubwa vya upinzani, ambavyo havipendani hata kidogo, vilikubaliana kutopambana vyenyewe kwa vyenyewe katika majimbo ya Seneti: hapa asimame huyu, pale asimame yule. Katika bunge la chini, ambako kila chama kilikwenda peke yake, chama tawala cha PiS kilibaki na wingi wa viti 235 kati ya 460. Katika Seneti kilipata 48, kikapoteza udhibiti. Wapiga kura walikuwa walewale na siku ilikuwa ileile.

Je, walikitumiaje? Seneti ya Polandi haina uwezo wa kuua muswada, kwa sababu bunge la chini linaweza kuukataa uamuzi wake. Ina uwezo wa kuchelewesha kwa siku 30. Mwaka 2020 serikali ilipotaka uchaguzi wa rais wa tarehe 10 Mei ufanyike kwa njia ya posta katikati ya janga la korona, maseneta waliushikilia muswada huo hadi siku za mwisho, kisha wakaukataa. Siku ya uchaguzi ikapita bila kura kupigwa, na uchaguzi ukasogezwa hadi mwishoni mwa Juni. Chombo dhaifu, kilichoshikwa na watu waliojua wanachokifanya, kilisimamisha uchaguzi uliokwisha kupangwa. Mwaka 2023 muungano uleule wa Seneti ulichukua viti 66, na baada ya uchaguzi huo serikali yenyewe ikabadilika.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama Tanzania inahitaji baraza la juu, hujibu kwamba tunalo kufuli la aina hiyo tayari, nalo limeachwa likaota kutu. Ibara ileile ya 98 inaweka sharti la pili kwa mambo mazito, yakiwemo kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar na orodha ya Mambo ya Muungano: ni lazima yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara, na tena theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Wazanzibari wana majimbo 50 tu. Wakihesabiwa peke yao, wao ndio Seneti yetu isiyo na jina. Mwaka 2010 CUF ilishinda majimbo yote 18 ya Pemba na mengine kadhaa ya Unguja. Ukiacha viti maalumu na vya uwakilishi, ilikuwa imevuka theluthi kwa mbali.

Kufuli hilo lilifanyiwa majaribio mwaka 2014 katika Bunge Maalumu la Katiba, lililotumia kanuni hiyohiyo ya theluthi mbili mara mbili. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA walitoka nje, wakilalamika kwamba rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyopendekeza serikali tatu, ilikuwa inachanwachanwa. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Tena kwa hesabu kavu kutoka hakukuwapunguzia kitu, maana theluthi mbili ilihesabiwa kwa wajumbe wote, na asiyekuwapo alikuwa sawa na aliyesema hapana. Ila siasa si hesabu kavu. Kanuni zilibadilishwa ili wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija, wapige kura huko huko waliko, na ndani ya ukumbi hakukuwa na upinzani wa kuzisimamia. Hapakuwa na wa kukaa usiku na mjumbe wa Unguja mwenye mashaka na kumtia moyo. Theluthi mbili ya Zanzibar ikapatikana kwa kura chache sana. Aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alibaki ndani, akapiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara, na siku chache baadaye alipoteza wadhifa wake. Najiuliza kura ngapi kama yake zingepatikana laiti angekuwa na watu wa kusimama naye.

Kisha ukaja mwaka 2016. Baada ya Jecha Salim Jecha kuufuta uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015, CUF ilisusia marudio ya Machi 20. Hasira ile naielewa; ushindi ulifutwa na mtu mmoja mbele ya kipaza sauti. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa Baraza la Wawakilishi karibu lote kuwa la CCM kwa miaka mitano, na serikali ya umoja wa kitaifa kukosa mshirika, kwa sababu hapakuwa na chama cha upinzani kilichofikia asilimia 10 ya kura. Kususia kulikuwa kauli kubwa siku ile. Siku ya pili yake hapakuwa na mpango.

Narudi Kigoma, maana huku ndiko hesabu zinakopata uso.

Mwaka 2015 vyama vya UKAWA viliahidi kuachiana majimbo. Zitto alikuwa amekwisha kuondoka CHADEMA na kujiunga na ACT-Wazalendo, nje ya umoja huo. Machali akamfuata huko. Hivyo Kasulu Mjini mbunge aliyekuwa madarakani alisimama kwa chama kipya, umoja ukasimamisha wake, na CCM ikamrudisha Daniel Nsanzugwako. Muhambwe ikaenda kwa Atashasta Nditiye wa CCM. Viongozi walilaumiana kwa ubinafsi, na ubinafsi ulikuwapo. Lakini ipo sababu nyingine, ya kisheria, ambayo hutajwa kwa nadra. Viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za wabunge ambazo kila chama kimepata nchini, na chama kisichofika asilimia 5 hakipati hata kimoja. Ruzuku nayo hufuata viti na kura. Chama kinachomwachia mwenzake jimbo, kwa hiyo, kinajikata kura, kinajikata viti maalumu na kinajikata fedha. NCCR-Mageuzi iliyajua haya kwa maumivu: mwaka 2010 ilikuwa na majimbo manne na haikupata kiti maalumu hata kimoja. Kudai chama kijitoe kwa uzalendo mtupu, bila kukubaliana mapema kwa maandishi jinsi hasara hiyo itakavyofidiwa, ni kuomba muujiza.

Sababu ya tatu ni wapiga kura wenyewe, na hapa wenzangu wa vyuoni huwa wepesi kuwadharau. Mtu wa Kibondo aliyengoja lami ya barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu kwa miaka mingi aliambiwa kwenye kila mkutano wa CCM kwamba mbunge wa upinzani hawezi kuileta. Hakuwa mjinga kusikiliza. Alipima: mbunge wake anasemwa redioni kila siku, na basi la kwenda Kigoma linakwama tope palepale. Upinzani haukuwahi kumweleza kwa lugha yake kwa nini kiti kimoja cha Muhambwe, kikiungana na vingine, kinamhusu yeye. Ungeweza. Watu wa nyanda hizi, wanaozungumza Kiha na kupakana na Burundi, wanajua maana ya kusimamishwa na kuulizwa uraia wako katika ardhi aliyozikwa babu yako. Wanajua maana ya kungoja kitambulisho cha taifa wakati wengine wamekwisha kupewa. Mtu wa namna hiyo ana sababu kuliko mwingine yeyote ya kutaka Katiba isiyoweza kubadilishwa kirahisi, na wabunge wenye idadi ya kuuliza swali ambalo waziri hawezi kulikwepa.

Baada ya hapo hadithi ya KADU ikajirudia huku kwetu bila Seneti. Machali alihamia CCM mwaka 2016 na Kafulila mwaka 2017, katika msimu ule ambao kila aliyehama alisema anaunga mkono juhudi. Bilago alifariki dunia Mei 2018, na Agosti ya mwaka huo Buyungu ikarudi CCM. Alipofariki Nditiye mwaka 2021, ulifanyika uchaguzi mdogo wa Muhambwe mwezi Mei: CHADEMA haikushiriki, ACT-Wazalendo ilishiriki ikashika nafasi ya pili, na Dk. Florence Samizi wa CCM akashinda.

Hiyo ndiyo njia panda tuliyokuwapo mwaka 2025. CHADEMA ilisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi, ikakataa kusaini kanuni za maadili Aprili 2025, ikaondolewa kwenye kinyang'anyiro. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu mwaka huo kwa shtaka la uhaini. Kundi la G55 lilihamia CHAUMMA. ACT-Wazalendo ilisema ingeshiriki na kulinda kura. Sina nia ya kuwahukumu wanaosusia. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ambapo CCM ilitangazwa mshindi karibu kila kijiji, anayesema mlango umefungwa ana ushahidi mkononi. Naomba tu aseme atafanya nini siku ya pili. Na anayeshiriki namwomba aseme anashiriki ili apate nini: sauti mbili tatu za kupigiwa makofi, au theluthi?

Theluthi haikuwa ya kupatikana Oktoba 2025. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu mgombea aliyewaahidi watu wa Kasulu kinyume chake aliwadanganya. Kinachowezekana ni kuanza kuijenga: kuchagua majimbo machache ambako upinzani uliwahi kushinda, kama Muhambwe, Buyungu, Kasulu zote mbili na majimbo ya Pemba; kusimamisha mgombea mmoja katika kila moja; kuandika mkataba wa kufidiana viti maalumu; na kuweka mawakala ambao wamekaa kijijini tangu mwaka uliopita, si waliopakiwa kwenye lori usiku wa kuamkia kura. Iwapo mchakato wa Katiba mpya utafufuliwa, itapigwa tena kura ya theluthi mbili, Bara na Zanzibar, na wakati huo hakuna atakayepata nafasi ya kurudi nyuma kuvitafuta viti.

 Kabla ya siku ya uteuzi wa wagombea wa 2025, ACT-Wazalendo na CHAUMMA zilikuwa na muda wa kukaa meza moja na kugawana angalau majimbo ya mkoa huu. Sikusikia kwamba walikutana.